Manyoya Niliyoyafuata Njombe

Mmeniuliza mara tatu sasa manyoya yako wapi, na mara zote tatu nimebadilisha mazungumzo. Elibariki mwenzetu alifikia hatua ya kunipekua begi, akidhani nimeyaficha ili nifaidi peke yangu. Basi nawaandikia, maana kwa mdomo nitaishia kuwachekesha, na habari hii si ya kuchekesha, ingawa katikati kuna mahali najua mtacheka.

Kwa yeyote atakayeisoma bila kutujua: sisi ni watu wanne wa Arusha tunaovua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye vijito vya mlimani. Hatutumii minyoo. Tunatumia nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya mpaka samaki aione kama mdudu aliyetua majini. Wengi hununua nzi hao dukani. Mimi hufunga wangu mwenyewe, na aliyenifundisha ni Mzee Tweve, Mkinga wa kijiji kimoja kilicho kando ya njia ya kutoka Njombe kwenda Makete. Nilifundisha shule ya msingi pale miaka minne kabla sijahamishiwa huku.

Mzee Tweve alijifunza kazi hiyo ujanani, akiwabebea mizigo wageni waliokuja kuvua. Wageni walipoacha kuja yeye hakuacha. Fimbo ya kuvulia aliichonga kwa mwanzi, uzi akaupitisha kwenye nta ya nyuki, na manyoya akayapata kwa jogoo wake. Kila mara alifuga jogoo mmoja wa kijivu, na kila jogoo wa aina hiyo alimwita Moshi. Baridi ikikolea alimpakata mapajani, akachagua manyoya machache ya shingoni na kuyang'oa moja moja, kisha jogoo akarudi zake jalalani. Hakuwahi kumchinja jogoo hata mmoja aliyekuwa bado na nguvu. Manyoya yale yana ukakamavu ambao sijauona kwa kuku mwingine. Nzi aliyefungwa nayo husimama juu ya maji hata penye mkondo mkali, na ninyi mmeona wenyewe jinsi trauti wetu wanavyowapita nzi wa dukani na kumfuata huyo.

Nilihamia Arusha na bahasha moja ya manyoya hayo. Imetufikisha miaka tisa. Mwezi ule tulipoifungua tukakuta umebaki unyoya mmoja, mkanituma niende nikalete mengine.

Niseme hili mapema, maana ndilo linaloniuma. Miaka tisa yote sikuwahi kurudi kule. Kila Krismasi nilipiga simu nikasema mwakani nakuja, na mwakani ikafika na kupita. Nafasi niliipata siku tulipoishiwa manyoya.

Arusha hadi Iringa

Sehemu hii sina mengi ya kusema. Babati kulikuwa na mvua, Dodoma kulikuwa na vumbi, na pale Mtera basi liliposimama nilinunua perege wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, nikamla mpaka mifupa ya kichwa. Jirani yangu kitini, bwana mmoja mnene aliyekuwa akienda kumwona binti yake Iringa, aliniuliza naenda wapi na kufanya nini. Nikamwambia ukweli.

"Unatoka Arusha mpaka Njombe kufuata manyoya ya kuku?"

"Ndiyo."

"Arusha kuku wameisha?"

Alicheka peke yake, akanyamaza, akacheka tena tulipoanza kupanda mlima wa kuingia Iringa. Mkumbukeni bwana huyu. Ni mtu asiyenijua, na nilimweleza shida yangu bila kuficha hata neno moja.

Nililala Iringa. Mpango wangu ulikuwa kumtokea Mzee Tweve bila taarifa siku ya Ijumaa. Nilijua kwamba mgeni asiyetarajiwa hula kilichopo, na mimi sikutaka wahangaike.

Makambako

Basi la kutoka Iringa lilikuwa linaendelea Mbeya, na mimi nilikuwa nashukia Makambako ili nichukue gari la Njombe. Konda aliruka chini, akafungua buti, akanitupia begi jeusi na kugonga bodi. Basi likaondoka. Begi lilikuwa jeusi kama langu, lina mkanda kama wangu, ila ndani lilijaa viatu vya watoto. Langu, lenye jiriwa yangu ndogo ya kubania ndoana, sanduku la vifaa na bahasha tupu ishirini za kuwekea manyoya, lilikuwa safarini kwenda Mbeya.

Nilisimama mbele ya duka la kamba na maturubai nikiwa nimelikumbatia begi la viatu. Mwenye duka, mtu wa Kigoma aliyehamia Makambako zamani, anaitwa Bwana Shabani. Alikuwa ameyaona yote, akanivutia kiti.

"Kaa, mwalimu."

"Umejuaje ni mwalimu?"

"Umebadilishiwa begi na bado hujatukana mtu."

Akapiga simu kwa mtu, mtu yule akapiga kwa mtu mwingine, na mwishowe tukampata konda. Begi langu lipo, litarudi kesho asubuhi na basi la Mbeya. Shabani akaniambia habari imekwisha, nitulie. Tulikula wali maharage dukani kwake, na muda wa swala ya Ijumaa ulipofika alivaa kofia yake akaniambia, "Nishikie duka." Saa moja tu ya kufahamiana! Nikauza kamba kama vile nimezaliwa nazo.

Aliporudi nikamweleza kilichonitoa Arusha. Hakucheka kama yule wa kwenye basi, lakini ilimsumbua.

"Sisi Kigoma tunashusha wavu na taa, tunapandisha dagaa boti zima. Wewe unavua kwa unyoya mmoja, samaki mmoja?"

"Mmoja mmoja."

"Siku nzima?"

"Pengine nisipate kabisa."

"Pole sana," akasema, na alimaanisha.

Jioni ile nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba kesho, Jumamosi, naweza kuwakuta wamekwenda msibani au mnadani. Nikapiga simu. Laiti simu ingekosa mtandao. Alipokea Mama Neema, mke wa Mzee, akapiga kelele za furaha hadi Shabani akageuka.

"Mwalimu! Uko Makambako? Kwema lakini? Kuna shida gani?"

"Hakuna shida, Mama. Nakuja kuwaona tu."

Nilipokata simu, Shabani alikuwa ananitazama.

"Si umeniambia unafuata manyoya ya jogoo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukumwambia?"

"Shida haisemwi kwenye simu, Bwana Shabani. Unafika kwanza, unasalimia, unakula, unalala. Asubuhi ndipo unasema kilichokuleta."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Ila mimi biashara imeniharibu. Mtu akinipigia namuuliza kabisa anataka kamba ya mita ngapi."

Nikamcheka. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Asubuhi basi la Mbeya lilifika saa nne. Konda alishuka na begi langu amelishika kwa ncha za vidole, akaliweka chini katikati ya uwanja na kurudi nyuma hatua tatu. Abiria walikuwa wamejaa madirishani.

"Mwenye begi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tulilifungua kutafuta jina. Humo ndani kuna nini, baba?"

Mama mmoja akamjibia kutoka dirishani. "Kuna unyoya, kuna nywele za sungura, kuna nyuzi nyekundu, na sindano zilizopindwa! Na kachuma ka kuminyia watu vidole!"

Kumbe begi langu lilisafiri kutoka Mbeya peke yake kwenye kiti cha nyuma. Watu waliona heri wasimame kuliko kukaa nalo.

Sasa fikirini mimi, nasema nini? Niliona njia ni moja. Nikaifunga jiriwa kwenye meza ya Shabani, watu wakajikusanya kwa mbali, nikabana ndoana, nikazungusha uzi kutoka kwenye tundu kurudi nyuma, nikaviringisha nywele za sungura kidogo kupata tumbo la mdudu. Kisha nikautoa ule unyoya wa mwisho. Nikaukamata kwa kikonyo, nikauzungusha mara tatu, nyuzinyuzi zake zikasimama pande zote kama miguu, nikafunga fundo na kudondosha tone la vanishi. Nzi yule nikamweka kwenye kikombe cha maji. Akasimama juu.

"Ahaa," wakasema wote, na yule mama akashuka kabisa garini aje kumwona.

Konda akauliza, "Sasa huyu atamng'ata samaki?"

"Samaki ndiye atamng'ata yeye."

Walicheka, nami nikacheka kuliko wote, nikamkabidhi konda lile begi la viatu. Nilimpa Shabani nzi yule kwa ukarimu wake, akamchomeka kwenye kalenda ya ukutani. Unyoya wa mwisho wa Mzee Tweve niliutumia kwa mbwembwe hivyo, nikijiambia kwamba kesho nitakuwa na wa kutosha.

Njombe

Njombe nilifika mchana, na baridi ikanipokea stendi kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimesahau namna inavyoingia kwenye mikono ya koti. Sokoni nilinunua sukari, sabuni, majani ya chai na kitenge cha Mama Neema. Kati ya marundo ya viazi na ndoo za parachichi kulikuwa na matenga ya kuku, nikainama kuwatazama. Weupe, wekundu, madoadoa. Wa kijivu hakuna.

"Unatafuta wa rangi gani, kaka?" muuzaji akaniuliza.

"Wa kijivu."

Akapunguza sauti. "Umeagizwa na mganga?"

Nikamwambia hapana, nikaondoka haraka kabla hayajatokea ya Makambako. Nikapata gari la njia ya Makete, limepakia mbolea na watu wawili, na mahali pa kushuka nikachukua bodaboda hadi kijijini. Njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani. Manyoya makubwa kwa ndoana kubwa, madogo kwa ndogo. Nilishapanga kila mmoja wenu atapata mangapi.

Kwa Mzee Tweve

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, upande wenye jua. Sweta lake lilikuwa lilelile la kahawia. Nikasema, "Shikamoo, Mzee," akageuza uso, lakini macho yake yalikwenda pembeni yangu. Yote mawili yalikuwa na ukungu.

"Marahaba. Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mzee. Macho yamekuwaje?"

"Yamechoka. Mwaka wa tatu huu."

Miaka mitatu, na kila Krismasi katika hiyo mitatu nilizungumza naye kwa simu. Nilimuuliza kuhusu mvua. Nilimuuliza kuhusu mahindi.

Akauchukua mkono wangu, akapapasa kidole cha shahada mpaka akapata alama mahali uzi hukata.

"Bado unafunga," akasema, akatabasamu.

Hapo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini sikuwa nimekula, sikuwa nimelala, na kitenge kilikuwa bado kwenye begi. Nikasema tu, "Kidogo kidogo, Mzee."

Mama Neema alitoka jikoni akinifutia kigoda, akanikumbatia, akapokea kitenge kwa vigelegele. Hakutaka nizunguke uani. "Mgeni hukaa," akasema. Chakula kilikuja jua likiwa bado juu ya vilima: ugali, viazi, na bakuli pana la kuku kwenye mchuzi mzito. Mzee Tweve akaingiza mkono kwenye bakuli, akatafuta kwa vidole taratibu, akaipata firigisi na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Ya mgeni hii."

Nikaila. Ilikuwa ngumu kidogo, ya kuku aliyeishi, na tamu. Nikasifia mchuzi, nikaongezewa paja. Nilipokuwa nimeshiba nikaona sasa naweza kugusia, kwa mbali tu, ili asubuhi isiwe ghafla.

"Na Moshi wa siku hizi yukoje? Sijamsikia akiwika."

Mama Neema akacheka mpaka akaweka tonge chini. "Si huyo unamla, Mwalimu!"

Sijui nilifanya uso gani. Nashukuru Mzee hakuuona.

"Mimi nilisita," Mama akaendelea. "Jana uliposema unakuja nikamwambia Mzee, huyu si ndiye wa manyoya? Mwalimu asije akaulizia manyoya."

"Nikamwambia, Mwalimu amesema mwenyewe anakuja kutuona tu," Mzee akadakia. Alikuwa na furaha, na sauti yake ilipanda. "Kila anayefika hapa ana lake. Huyu anataka miti ya mbao, huyu anataka shamba la parachichi, huyu anataka nimwonyeshe samaki walipo. Mwalimu ametoka Arusha kutuona tu. Sasa mtu wa hivyo nimchinjie nani? Hawa wekundu? Moshi nilikuwa namtunzia nini, mimi ambaye siioni hata ndoana?"

"Umetuheshimu sana," Mama Neema akasema.

Nikasema asante. Nikaendelea kula, maana paja lilikuwa bado sahanini na wote wawili walikuwa wanasikiliza nikitafuna.

Asubuhi, Mzee akiwa anaota moto, nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza kwa kujifanya natania kama manyoya ya Moshi yapo. Alinionyesha shimo la taka nyuma ya nyumba. Kuku alitumbukizwa kwenye maji ya moto kama kawaida, akanyonyolewa, shingo ikababuliwa kwenye moto. Nilichokuta ni bonge la manyoya lililolowa, limechanganyika na majivu na maganda ya viazi. Nilipiga magoti nikachambua. Yalikuwa yamejikunja na kulegea, yanaachana na vikonyo ukiyagusa. Niliulizia vifaranga. Mama akasema kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita mwaka jana kikafagia banda zima, akabaki Moshi, na vifaranga vyake vyote kwa matetea wapya vimetoka vyekundu.

Kisha akanitazama mikono iliyojaa majivu. "Ulikuwa unayahitaji, baba?"

"Hapana, Mama. Nilitaka ukumbusho tu."

Kusindikizwa

Nilikaa Jumapili nzima, tukaenda kanisani, na Jumatatu asubuhi Mzee akasema atanisindikiza hadi barabarani. Mama alinifungia viazi. Mzee akataka abebe begi langu yeye. Nilikataa, akakasirika, nikampa. Alilitia begani, akabana kwapani fimbo yake ya kutembelea, akanishika mkono wangu kwa mkono wake mwingine, tukashuka.

Njia inapita kwenye kijito alichonifundishia. Kuna daraja la magogo. Tulipofika katikati akasimama ili apumzike, akalishusha begi mbele yake, na mkono wake ukatua juu ya kitu kigumu ndani ya nguo. Akakipapasa kwa nje. Akaipata skrubu ya jiriwa. Akaendelea kupapasa, akakisikia kisanduku, akakitikisa, ndoana zikalia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvipanga vitu hivyo.

"Umekuja na vifaa," akasema.

"Natembea navyo siku zote, Mzee."

"Vyote?"

"Vyote. Mazoea tu."

Maji yalikuwa yanapita chini yetu, na mahali fulani karibu na jiwe samaki aliruka, nikamsikia, naye akamsikia.

"Aa," akasema. Akalirudisha begi begani, akanishika tena mkono, na hakuongea tena mpaka tulipofika barabarani. Pale alinipa mkono akanitakia safari njema. Nilimwona kupitia dirisha la gari akigeuka kurudi, akitafuta njia kwa fimbo, na hakuwa na mtu wa kumshika.

Kurudi

Makambako nilipita kumuaga Shabani. Hakuuliza nilichopata, aliona begi lilivyolegea. Nikamweleza yote, yeye wa kwanza kuyasikia. Akamchomoa nzi kwenye kalenda na kunirudishia.

"Chukua. Mimi samaki wa kumvulia sina."

Kwa hiyo huyo ndiye nzi tuliye naye, mmoja, na naomba msiniombe tumtumie. Bahasha ishirini zipo pale pale, tupu. Jogoo mwingine wa kijivu tutamtafuta, na kama hayupo tutajifunza kuvua na manyoya mengine. Hilo si kubwa.

Nilipofika Arusha nilipiga simu kusema nimefika salama, na tangu siku hiyo nimepiga kila Jumapili. Jumapili iliyopita nilidhamiria kumwambia Mzee ukweli. Mama Neema akapokea, na kabla sijafungua mdomo akaanza kucheka. "Mzee ametusumbua sana huku, Mwalimu," akasema. Kila anayepita anamsimamisha. Anamwambia kuna mtu alitoka Arusha, siku tatu njiani, hakuwa na shida yoyote, alikuja kumwona tu.

Sijui kama aliniamini pale darajani, au alielewa na ameamua kunisitiri. Nikamwambia Mama amsalimie.